Maswali ya Wasomaji: Flashi ya Zamani kwenye Kamera ya Dijitali

Barua za mwezi huu zimelalia upande mmoja. Wengi wa walioandika wana flashi ya zamani, ama wameirithi, ama wameipata kwa bei ya kutupa kwenye meza za mtumba za Mchikichini, na wanataka kuitumia na kamera ya dijitali bila kuitia kamera hiyo hasara. (Ninaposema flashi nina maana ya taa ya kumulikia picha. Kile kijiti cha kuhifadhia mafaili kimetunyang'anya jina, lakini taa ndiyo iliyotangulia kuitwa hivyo.) Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayozibeba nyingine.

Shikamoo mzee. Marehemu baba alikuwa mpiga picha wa mtaani hapa Temeke tangu enzi za filamu, na katika vitu alivyoacha nimekuta flashi ya Vivitar 283 ikiwa kwenye mkoba wake. Mimi natumia kamera ya dijitali ya Canon niliyoinunua Kariakoo. Rafiki yangu mmoja ananionya nisithubutu kuipachika kwa sababu itaunguza kamera. Mwingine ananicheka, anasema flashi ni flashi. Nimsikilize yupi? — Msomaji, Tandika

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzazi. Msikilize rafiki wa kwanza, ila usiishie kwake, kwa sababu anakutisha bila kukupa namba, na jambo hili lote ni la namba. Zipo Vivitar 283 ambazo unaweza kuzipachika juu ya kamera yako leo jioni bila wasiwasi, na zipo nyingine, zenye umbo lile lile na jina lile lile, ambazo zinaweza kuimaliza kamera hiyo kwa mwako mmoja. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Mafundi wengi watakwambia kwamba zile za mwanzo zilizotengenezwa Japani ndizo zenye umeme mkali, na zile zilizotengenezwa baadaye katika nchi nyingine ni pole zaidi. Hilo kwa kawaida ni kweli, lakini maandishi yaliyo chini ya flashi si kipimo, na mimi singeiweka rehani kamera ya watu kwa sababu ya maandishi.

Sababu ya tofauti hiyo iko katika namna flashi inavyoamriwa kuwaka. Ndani yake mna kapasita kubwa inayojazwa umeme hadi kufikia takriban volti 300 au zaidi kidogo, ingawa betri nne ulizozitia zote kwa pamoja zina volti 6 tu. Ule mluzi mwembamba unaousikia unapoiwasha ni wa sakiti inayoupandisha umeme huo. Umeme wa kapasita hauwezi kupita katika gesi ya zenoni iliyomo kwenye bomba la kioo mpaka gesi ishtuliwe na mpigo mfupi wa maelfu ya volti, na mpigo huo hutoka kwenye koili ndogo ambayo kamera huiamsha kwa kuunganisha sehemu mbili za kitako cha flashi, yaani pini ya katikati na chuma cha ukingoni. Katika flashi nyingi za miaka ya 1970 umeme mkubwa wa ndani haukutengwa na pini hiyo, bali ulipitia rizista moja tu, yaani kizuizi kidogo cha umeme, ukakaa hapo nje, volti 200 au zaidi, ukisubiri kamera iupitishe. Kamera za filamu za wakati huo hazikujali, kwa kuwa nyingi zilikuwa na vibati viwili tu vya chuma vilivyogusana shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, inapofunguka. Kamera ya dijitali haina vibati. Ina swichi ya elektroniki, kidude kidogo chenye kikomo chake cha volti, na kikomo hicho kikipitwa kidude hufa kimyakimya, bila cheche wala moshi.

Ninasema kimyakimya kwa sababu yalinikuta. Miaka ile kamera za dijitali zilipoanza kuonekana mjini, mteja aliniletea ya kwake pamoja na flashi kubwa ya zamani, akaniomba nimhakikishie kwamba zinaelewana kabla ya harusi ya Jumamosi. Niliipachika, nikabonyeza, ikawaka vizuri kabisa, na picha ikaonekana kwenye skrini ikiwa imejaa mwanga. Nikabonyeza mara ya pili, kimya. Nikabadilisha betri, nikasugua pini kwa kifutio cha penseli, nikaweka flashi nyingine ambayo nilijua ni nzima, kimya vile vile. Kamera iliendelea kupiga picha kama kawaida, lakini pale juu haikuwasha flashi yoyote tena, na gharama ya kumbadilishia mteja ubao wa ndani ilitoka mfukoni mwangu. Ile flashi yenyewe haikuwa na hata mkwaruzo. Multimita, kile kipimio cha umeme, ilikuwa kwenye droo, sentimita 30 kutoka mkono wangu.

Sasa kuhusu namba. Kikomo hakifanani kwa kamera zote. Baadhi ya kamera za Canon za mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfano 300D iliyotoka mwaka 2003, zilihesabiwa kuwa haziruhusiwi kupokea zaidi ya volti 6 pale juu. Kwa zilizofuata mambo yalilegea: vitabu vya maelekezo vya kamera za Canon zenye tundu la pembeni la waya wa sinki, yaani waya wa kuiamrisha flashi iwake, vinakataza kuchomeka humo flashi inayohitaji volti 250 au zaidi, na vile vya Nikon vinaonya kwamba volti zinazozidi 250, au volti hasi, zikiingia kwenye kipachiko cha juu zinaweza kuharibu sakiti ya kamera. Kipo pia kiwango cha kimataifa, ISO 10330 cha mwaka 1992, ambacho kinazungumzia volti 24. Kwa hiyo mezani kwangu flashi yenye chini ya volti 6 naipachika popote. Ikiwa na kati ya 6 na 24 naipachika kwenye kamera yoyote isipokuwa zile kongwe nilizozitaja. Ikizidi 24 nafungua kwanza kitabu cha kamera nisome kwa macho yangu, na hata kikiruhusu 250 sipachiki flashi inayokaribia 200, kwa sababu betri mpya na mita isiyo sahihi vinaweza kulila pengo hilo lote. Huu wa mwisho ni uamuzi wangu mwenyewe, watengenezaji hawajauandika.

Kuipima ni kazi ya dakika kumi. Tafuta multimita ya dijitali, hata ile ya bei nafuu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, uiweke kwenye volti za betri, yaani DC, na uchague kiwango cha juu, 600 au 1000, ili isizidiwe. Tia betri mpya kwenye flashi, iwashe ikiwa haijapachikwa popote, subiri taa ndogo ya nyuma iwake, kisha ongeza dakika moja zaidi, kwa kuwa taa hiyo huwaka kabla kapasita haijajaa kabisa. Laza flashi ubavuni kitako kikutazame. Gusisha ncha nyekundu ya mita kwenye pini ya katikati, na ncha nyeusi kwenye kile kipande cha chuma kilicho ukingoni, ndani ya mfereji unaoteleza kwenye kamera. Katika flashi nyingine kipande hicho ni chembamba kama waya na kimejificha, kwa hiyo kitafute kwa tochi. Usishike ncha za chuma kwa vidole, na usiziache ncha mbili zigusane, kwa sababu ukiziunganisha flashi itawaka usoni kwako. Soma namba. Ikija na alama ya kutoa mbele yake huku nyekundu ikiwa katikati, maana yake flashi hiyo imegeuza chanya na hasi, nayo haifai kwa kamera yako hata kama namba ni ndogo.

Jambo dogo ambalo wengi hawalitilii maanani: mita za zamani za mshale hunyonya umeme wakati zinapopima, na kwa kuwa umeme wa pini umepitia rizista kubwa, mshale unaweza kukuonyesha volti chache kuliko zilizopo. Flashi ya volti 220 ikisomeka 90, unajiona umepona. Mita ya dijitali haina tatizo hilo kwa kiasi cha kukutia hasarani.

Ikiwa flashi ya marehemu itasoma namba kubwa, usiitupe. Kampuni ya Wein hutengeneza kipachiko cha kati kiitwacho Safe-Sync, ambacho hukaa baina ya flashi na kamera na kushusha umeme unaofikia volti 400 hadi chini ya volti 6. Huku kwetu si rahisi kukipata dukani, lakini huagizwa. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida, ni kifyatuzi cha redio, kile chenye vipande viwili: kitumaji kinakaa juu ya kamera, kipokeaji kinakaa chini ya flashi, na kati yao hakuna waya, kwa hiyo umeme wa flashi hauna njia ya kuifikia kamera. Kumbuka tu kwamba kipokeaji nacho kina kikomo chake, na vile vya bei ya chini kabisa vina kikomo kidogo. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Kikiungua, utakuwa umepoteza kipokeaji na si kamera.

Mwandishi, mnatutisha bure. Mimi napiga picha za harusi na kitchen party hapa Sinza, na nimetumia flashi ya zamani juu ya Nikon kwa mwaka mzima bila tatizo. Si ushahidi huo? — Mpiga picha, Sinza

Ni ushahidi kwamba flashi yako na kamera yako zimeelewana hadi sasa, na sina sababu ya kukubishia. Ukizingatia kwamba Nikon imeweka kikomo cha volti 250, haishangazi. Ninachokuomba ni kupima hiyo flashi Jumatatu, siku ambayo hakuna shughuli, ili ujue kama uko kwenye volti 9 au kwenye 235, maana katika hali zote mbili mwaka ungepita hivyo hivyo. Ukishaijua namba, iandike kwenye kipande cha plasta uibandike chini ya flashi. Siku ukimwazima mwenzako mwenye kamera kongwe ya Canon, plasta hiyo itakuwa imemwonya kabla hajafika ukumbini.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako ndefu, kuhusu zile flashi za studio za zamani zinazochomekwa kwenye umeme wa ukutani. Hizo usiziunganishe na kamera ya dijitali kwa waya, hata kwa dakika moja, bila kupima, kwani baadhi yake zina umeme mkali kwenye tundu la sinki na zinatumia umeme wa TANESCO wa volti 230 juu ya hapo. Tumia redio, au kile kijicho cha kupokea mwanga ambacho huifyatua flashi kinapoona flashi nyingine imewaka. Ukitumia kijicho, iweke flashi ndogo ya kamera yako kwenye modi ya mkono, kwa sababu ikiwa kwenye modi ya kujiendesha hutoa kwanza mmweko mdogo wa kupima, na flashi ya studio itadanganyika na kuwaka kabla shata haijafunguka. Na hakikisha plagi ni ya pini tatu yenye ethi inayofanya kazi. Nimeona studio zenye taa za thamani kubwa zinazotegemea plagi ya pini mbili iliyosokomezwa kwa kijiti cha kiberiti.

Habari za kazi. Nimenunua flashi ya mtumba, nimeipima kama fundi alivyonielekeza, mita inasoma volti 8, nami nikaipachika. Inawaka vizuri lakini picha zinanichanganya: nyingine zina utepe mweusi upande mmoja, nyingine nyuso za watu zimekuwa nyeupe kama karatasi. Nimejaribu kila modi ya kamera. Je, flashi ni mbovu? — Mwenye studio, Magomeni

Flashi ni nzima, na nakupongeza kwa kupima. Tatizo ni kwamba kamera yako haijui kama kuna flashi. Flashi ya kisasa ya kampuni yake huongea na kamera kupitia pini kadhaa. Hii ya zamani ina pini moja, na kupitia pini hiyo kamera huweza kusema neno moja tu, "waka". Modi za kujiendesha haziwezi kukusaidia, kwa hiyo kila kitu itabidi ukipange mwenyewe.

Utepe mweusi ni suala la mwendo wa shata. Kamera nyingi zina mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Flashi huwaka kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde, na ili imulike picha yote ni lazima iwake wakati pazia la kwanza limeshamaliza kufungua na la pili halijaanza kufunga. Kila kamera ina kasi ya mwisho inayowezesha hali hiyo, kwa kawaida kati ya 1/160 na 1/250. Ukienda juu zaidi, pazia la pili linakuwa limeshaingia njiani, na kivuli chake ndio huo utepe. Flashi ya kampuni yenyewe huizuia kamera isipite kasi hiyo. Hii yako haina uwezo wa kuzuia chochote. Iweke kamera kwenye modi ya mkono, shata kwenye 1/125, na utepe hutauona tena.

Nyuso nyeupe zina sababu nyingine. Inawezekana flashi yako ina maandishi ya TTL, na umeamini kwamba itajipima yenyewe. TTL ya enzi za filamu ilipima mwanga uliorudi kutoka kwenye filamu wakati flashi ikiwaka. Kamera za dijitali zimeacha njia hiyo, nazo hupima kwa mmweko wa awali ambao flashi ya zamani haiufahamu, kwa hiyo flashi hutoa nguvu zake zote. Lakini usikate tamaa, kwa kuwa flashi nyingi za zamani zina kitu ambacho mimi binafsi nakiona bora kuliko wanavyokisifu: jicho dogo usoni pake linalopima mwanga uliorudi kutoka kwa mtu na kuukata ukitosha. Nyuma au ubavuni kuna jedwali lenye rangi. Unachagua rangi, unasoma inakuagiza apacha gani (upana wa tundu la lenzi) kwa ISO gani (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na umbali wa mwisho ni mita ngapi, kisha unaiweka kamera hivyo hivyo. Ikisema f/5.6 kwa ISO 100, weka f/5.6 na ISO 100, usiiache ISO ikijibadilisha yenyewe. Kuanzia hapo unaweza kutembea ukumbi mzima, kutoka meza kuu hadi kwa wapishi, na picha zikatoka na mwanga unaofanana.

Jedwali likiwa limefutika, tumia hesabu. Kila flashi ina namba yake ya nguvu, na ukiigawa kwa umbali wa mtu kwa mita unapata apacha. Flashi yenye namba 36 kwa ISO 100, mtu akiwa mita 4 na nusu kutoka kwenye flashi, inataka f/8. Ukipandisha ISO hadi 400, namba ya nguvu inakuwa 72, na kwa umbali ule ule utaweka f/16. Ukiielekeza flashi darini hesabu hiyo haifai tena, kwa kuwa mwanga unapotea njiani na kila dari lina rangi yake. Hapo lile jicho linalopima ndilo la kutegemea, ilimradi bado linamtazama mtu na si dari.

Kama kamera yako ni ile isiyo na kioo ndani, utakutana na mambo mawili zaidi. Ukishapanga hivyo ndani ya ukumbi, skrini itakuwa nyeusi tii kwa sababu inakuonyesha picha ilivyo bila flashi. Zima ile chaguo ya kuonyesha mwanga halisi kwenye menyu. Na ukiwa kwenye shata ya kimya, katika kamera nyingi flashi haitawaka kabisa. Si ubovu.

Ndugu mwandishi, flashi yangu ilikaa kabatini zaidi ya miaka 10, nyumba iko karibu na bahari. Nimeikuta na betri ndani, zimetoa unga mweupe. Naweza kuifufua mwenyewe? Na je, zile betri za kuchaji za kwenye tochi, ambazo zina saizi ile ile, zinafaa? — Msomaji, Kigamboni

Nianze na swali la pili kwa kuwa ndilo la hatari. Hazifai. Betri unazozisema ni za lithiamu, zinaitwa 14500, zina urefu na unene sawa na betri ya AA lakini kila moja ina volti 3.7 badala ya 1.5. Ukitia nne kwenye flashi unakuwa umeipa karibu volti 15 mahali palipotarajiwa 6, na chumba cha betri hakiwezi kujua tofauti hiyo kwa sababu zinaingia bila kulazimishwa. Betri za kuchaji zinazofaa ni za NiMH zenye volti 1.2. Hizo hujaza kapasita haraka kuliko za kawaida, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuichosha flashi ya zamani. Ukipiga mfululizo kwa nguvu yote, shika kichwa chake mara kwa mara, na ukikuta kina joto la kukukera mkono, ipumzishe.

Kuhusu unga mweupe: betri za alikali zikivuja hutoa kemikali inayounguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na usiupulize kwa mdomo. Toa betri, kung'uta unga kwenye gazeti, kisha chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya limau usugue vibati vya chumba cha betri. Utaona vitone vikichemka kidogo, na hiyo ni dalili kwamba asidi inaua alikali. Malizia kwa kijiti chenye spiriti, uache pakauke usiku mzima. Kibati kikiwa kimeliwa hadi kimekatika, hiyo ni kazi ya fundi.

Baada ya hapo usiiwashe na kuanza kupiga picha. Kapasita iliyokaa miaka bila umeme hupoteza ule utando mwembamba wa ndani unaoiwezesha kushika volti kubwa, na utando huo hurudi polepole. Tia betri mpya, iwashe, na iache ikae imewaka kwa dakika 10 baada ya taa ya nyuma kuwaka, bila kuifyatua. Kisha ifyatue kwa kitufe chake cha kujaribia, subiri ijae tena, urudie mara nne au tano huku ukiipa nafasi. Mara ya kwanza itachelewa sana kujaa, ya tatu itakuwa na haraka zaidi, na huo ndio uzima unaoutafuta. Ikiwa mluzi hauishi, taa haiwaki hata baada ya dakika kadhaa, mwili unapata joto au unasikia harufu ya kitu kuungua, itoe betri mara moja na uachane nayo. Iliyopona iwashwe namna hiyo kila baada ya miezi mitatu, itunzwe bila betri, ndani ya kopo lenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, kwa kuwa hewa ya chumvi ya upande wenu hugeuza pini kuwa kijani.

Kitu kimoja usikifanye: usifungue skrubu. Chukua kapasita ya maikrofaradi 1000 iliyojaa volti 330, ambayo ni ya kawaida kwa flashi kubwa. Nishati iliyomo ni kama jouli 54, takriban ile ya kunyanyua mfuko wa sembe wa kilo 5 zaidi ya mita moja, isipokuwa kwamba hii inaachiliwa yote kwa kufumba na kufumbua, na njia yake inaweza kuwa mkono mmoja kuingia na mkono wa pili kutoka. Kutoa betri hakuimalizi, na taa ya nyuma ikizimika bado zinaweza kuwa zimebaki volti za kukurusha.

Flashi yangu inasoma volti 5, inawaka nikibonyeza kitufe chake, inawaka pia juu ya kamera ya jirani. Juu ya Canon 250D yangu haiwaki kabisa. Fundi mmoja ameniambia kamera imeungua, anataka kuifungua. — Msomaji, Mbezi

Usimpe. Itazame kamera yako kwa juu, kwenye mwanga wa jua, pale flashi inapoteleza kuingia. Katika kamera nyingi utaona kidoti cha chuma katikati, kikubwa kuliko vingine, na hicho ndicho kinachokutana na pini ya flashi. Katika 250D, Canon haikukiweka. Pana vile vidoti vidogo tu vinavyozungumza na flashi za kampuni yenyewe na zile zilizotengenezwa kuzielewa. Hakuna kilichoungua na hakuna cha kutengeneza. Ukitaka kuitumia flashi yako ya volti 5, tafuta kitumaji cha redio kilichotengenezwa kwa ajili ya vidoti hivyo vya Canon, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji akipachike kwenye kamera hiyo hiyo mbele yako.